Miiko Mitatu, Watoto Wanne

Mtu akitaka kumjua mwalimu hodari wa watoto wa miaka miwili na mitatu, asimtazame anapoimba. Kuimba na kupiga makofi wengi wetu tunaweza, angalau kwa dakika kumi. Amtazame asubuhi na mapema, kabla geti halijafunguliwa, anapozunguka darasani akiondoa vitu.

Spring Valley iko juu kidogo ya Westlands, pale Lower Kabete Road inapoliacha duka kubwa la Sarit nyuma na kuanza kupenya kwenye miti. Shule nyingi za watoto wadogo za huku zimo katika nyumba zilizojengwa watu waishi: paa la vigae, bustani nyuma, ua wa mimea mrefu kuliko mtu, askari wa kampuni langoni. Wazazi wana uwezo, na uwezo huo unaonekana kwenye rafu. Kuna vifaa vya mbao vilivyotoka ng'ambo, wanasesere wa kila rangi, na baiskeli za magurudumu matatu zinazotosha kufungulia duka. Mwalimu ninayemzungumzia hapa, mama wa makamo aliyefundisha bebi klasi tangu alipokuwa msichana, huanza siku kwa kuvipunguza. Kwenye kona ya kupikia, ambako watoto huigiza jikoni, huacha sufuria mbili, bakuli, jagi la maji na miiko mitatu. Wanaoruhusiwa kucheza hapo kwa wakati mmoja ni wanne. Mwiko wa nne upo. Ameufungia kabatini.

Nilimuuliza sababu. "Ikiwa minne," alisema, "kila mtu atapika kivyake mpaka saa nne. Hakuna atakayemhitaji mwenzake. Ikiwa miwili, watatoana macho. Mitatu ndiyo inayoleta mazungumzo."

Nimekutana na mafundi wa kila namna, wa majahazi, wa saa na wa nguo, na sijui kama nimewahi kusikia maelezo ya kazi yaliyo mafupi na kamili kama hayo. Kinachofundishwa kwenye kona ile ni adabu, yaani kuomba, kungoja zamu, kutoa na kushukuru, lakini hakuna anayeihubiri. Imewekwa ndani ya hesabu ya vyombo.

Siku moja ya Julai, baridi ya Nairobi ikiwa imewavalisha wote makoti mazito, nilishuhudia hesabu hiyo ikifanya kazi. Msichana mwenye shanga kwenye nywele alikuwa anasonga ugali wa mchanga. Mvulana wa sweta ya kijani, aliyekuja kona ile wa mwisho, alitazama sufuria, akatazama mikono yake mitupu, akaushika mwiko wa yule msichana na kuuvuta. Vilio viwili vikapasuka kwa pamoja.

Mwalimu alikuwa upande wa pili akimfunga mtoto kamba za viatu. Alimaliza fundo. Kisha akaja kwa mwendo wa kawaida, akapiga magoti kando yao wala si katikati yao, akaweka mkono juu ya mwiko. Hakuunyakua. Aliushika tu hivi kwamba haukuwa tena wa huyu wala wa yule, na mikono yao miwili ikabaki pale pale. Akamwambia mvulana, "Unautaka mwiko, tena sana." Akamgeukia msichana: "Nawe ulikuwa unausonga nao ugali, ukashtuka." Halafu akanyamaza.

Kile kimya ndicho kilichonifundisha kumheshimu. Kilirefuka. Mimi niliyekaa kwenye kiti cha kimo cha goti, mgongo ukiniuma, nilitamani kupaaza sauti: mpe basi, kisha atakupa! Mwalimu alikuwa anatazama mwiko kana kwamba naye ni mara yake ya kwanza kukutana na tatizo la aina hiyo. Vilio vikapungua, si kwa kubembelezwa, ila kwa sababu watoto walianza kumtazama yeye ili wajue anatazama nini. Ndipo akauliza: "Miiko ni mitatu. Sasa tutafanyaje?"

Msichana akatoa bakuli. Mvulana akalikataa kwa kichwa. Kimya tena. Mtoto wa tatu, ambaye kesi haikumhusu, akasema bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria yake: "Yeye atie maji." Mvulana akalitazama jagi. Kwa kweli jagi lilikuwa limekaa pale muda wote, na sidhani kama liliwekwa kwa bahati. Akalishika kwa mikono miwili, akatia maji, ugali ukawa uji, wote wakacheka. Baada ya muda msichana alichoka kusonga, akampa mwiko mwenyewe ili naye apate zamu ya jagi.

Hakuna aliyeambiwa aseme pole. Nilipouliza, mwalimu alikunja uso kidogo. Pole ya kulazimishwa, alisema, humfundisha mtoto kwamba kuna neno la kulipia ukorofi, na likishatamkwa deni limekwisha. Yeye hulisema neno hilo mwenyewe, kila siku, kwa kila aliyejikwaa au aliyemwagikiwa na maji, na huwaachia watoto waliokote. Wengi huliokota kabla hawajatimiza miaka mitatu. Wengine hukawia, naye huwasubiri.

Hatua alizofuata, yaani kukaribia kwa utulivu, kutaja hisia za kila mmoja, kulitaja tatizo, kuomba mawazo, kisha kukaa karibu mpaka suluhisho lishike, zina ukoo wake. Walimu waliofunzwa njia ya HighScope wanazifahamu vizuri. Njia hiyo ilichipuka mjini Ypsilanti, Michigan, ambako David Weikart na wenzake walianzisha shule ya awali ya Perry mwaka 1962. Afrika Mashariki mbegu hiyo ilipandwa Mombasa. Mwaka 1986, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ulianza mpango wa shule za awali zilizoungana na madrasa, na nguzo yake alikuwa mwalimu wa Mombasa, Bi Swafiya Said. Mpango ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Akina mama wa mitaani ndio waliofunzwa ualimu, na vifaa vilikuwa vifuu vya nazi, vizibo vya chupa, vitambaa na makuti, pamoja na nyimbo na hadithi za pwani. Adabu, ambayo Mswahili huihesabu nusu ya elimu au zaidi, ilipata nafasi ndani ya mchezo. Watu wa Spring Valley wanaodhani malezi ya aina hii yaliletwa na karo kubwa wangefaidika na safari ya kwenda Mombasa.

Lakini si kila chombo cha kazi hii kina cheti. Mchezo wake wa uji, kwa mfano, sijauona kwingine. Kila asubuhi watoto hukaa kwenye mkeka, kila mmoja na kikombe cha plastiki kisicho na kitu. Uji ni wa moto! Wanaunusa taratibu kwa pua, wanaupuliza taratibu kwa mdomo, wananusa, wanapuliza, mpaka "upoe". Huchezwa wakati wote wametulia, na hapo ndipo ustadi ulipo. Mtoto akishalipuka kwa hasira hawezi kufundishwa kupumua, kama vile mtu anayezama hawezi kufundishwa kuogelea. Kwa hiyo siku ya mlipuko mwalimu hasemi "tulia", neno ambalo sijaona likimtuliza mtu yeyote, mdogo kwa mkubwa. Humkabidhi mtoto kikombe. Wengine hukitupa. Basi hukiokota, hungoja kidogo, humrudishia. Wapo wanaokipokea na kuanza kupuliza huku machozi yangali yanatiririka.

Na hisia zenyewe, huzifundisha kwa kioo. Amekitundika kwa kimo cha mtoto, na mbele yake wanacheza nyuso. Ukutani kuna bango lililonunuliwa, lenye vichwa vya duara vya manjano: furaha, huzuni, hasira. Yeye halitumii sana, na nakubaliana naye, kwa kuwa maisha ya mtoto wa miaka miwili hayaenei kwenye vichwa vitatu. Kwenye kioo wanacheza kununa, midomo ikisukumwa mbele mpaka ifanane na ya bata. Wanacheza kuona haya, wakijificha nyuma ya vidole. Wanacheza kutamani, wanacheza kushtuka, wanacheza usingizi unaojifanya hasira, ambao ndio unaowasumbua wengi kuanzia saa tano. Somo rasmi la shule ni la Kiingereza, lakini hapa mwalimu huhamia Kiswahili bila kutangaza, maana watoto wengi wa darasa lile wamelelewa kwa Kiswahili cha yaya, na huzuni zao za kwanza zilipewa majina kwa lugha hiyo.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote ni wa katoni. Ni katoni ya friji, wameikata mlango na dirisha. Mtoto mmoja hukaa ndani kama mwenye nyumba, wengine huja wakipiga hodi. Nilidhani somo ni la wale wa nje: kubisha, kungoja, kuingia ukikaribishwa. Mwalimu alinitaka nimtazame wa ndani. Mwenye nyumba anaruhusiwa kusema "ngoja kidogo", na watoto hawa, ambao tangu waamke wameambiwa ngoja na kila mtu mwenye kimo kuwazidi, hulisema neno hilo kwa raha isiyo na kifani. Mmoja aliwaweka wenzake nje mpaka wakakaa chini kwenye nyasi. Kisha akafungua mlango na kuwakaribisha kwa heshima zote, akimpa kila mmoja jani kama kiti. Nadhani mimi na wengi tulifundishwa heshima kutoka upande wa kuitoa peke yake. Huyu anaanza na upande wa kuipokea. Mtoto aliyewahi kungojwa anajua kungoja kunampa mwenzake nini.

Wanasaikolojia wana ushahidi wao kwamba kazi hii inajengwa juu ya msingi uliopo. Mwaka 1997 Betty Repacholi na Alison Gopnik waliwaonyesha watoto mtu mzima anayefurahia brokoli mbichi na kuchukizwa na biskuti, kisha mtu huyo akanyoosha mkono kuomba. Watoto wa miezi 14 wengi walimpa biskuti, kitu wanachokipenda wao. Wa miezi 18 walimpa brokoli. Katika miezi minne hiyo wamegundua kwamba moyo wa mwingine unaweza kutaka kingine. Lakini kujua mwenzako anawaza nini, hasa anapowaza kitu kisicho kweli, hukawia: jaribio la Heinz Wimmer na Josef Perner la mwaka 1983 lilionyesha kwamba uwezo huo hukomaa karibu na miaka minne au zaidi. Ndiyo maana swali wanalolipenda wazazi, "ungejisikiaje wewe ukifanyiwa hivyo?", huwapita watoto hawa juu ya kichwa. Mwalimu wetu haliulizi kamwe. Huuliza "anataka nini?", na hilo wanaliweza.

Kuna jingine ambalo ningelibandika kwenye kila geti la shule, kama wangeniruhusu. Felix Warneken na Michael Tomasello, wakiwa Leipzig, walionyesha mwaka 2006 kwamba mtoto wa miezi 18 akimwona mtu mzima ameangusha kibanio cha nguo asichoweza kukifikia, mara nyingi humwokotea bila kuombwa. Miaka miwili baadaye walionyesha kwamba watoto wa miezi 20 waliolipwa kitu kwa msaada wao walipunguza kusaidia malipo yalipokoma. Nyota za kubandika kwenye paji la uso, ambazo shule nyingi hugawa kama peremende, hununua kitu ambacho mtoto alikuwa anakitoa bure. Katika darasa hili hakuna nyota. Mtoto akimwokotea mwenzake kofia, mwalimu husema alichokiona: "Umemwokotea kofia. Sasa kichwa chake hakina baridi." Basi.

Kisha kuna siku ya kima. Spring Valley iko karibu na Karura, msitu ule ambao mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alijeruhiwa akiutetea mwezi Januari 1999, na kima wa huko hawatambui mipaka ya viwanja. Wakati wa chai mmoja alishuka kwenye mti, akachukua ndizi mkononi mwa mtoto, akapanda nayo juu ya paa. Mtoto alipiga kelele ya hofu, nayo ikageuka kuwa kilio cha kudhulumiwa. Alibembelezwa, akapewa ndizi nyingine, mambo yakaisha. Mtu wa kawaida angeishia hapo.

Siku iliyofuata mwalimu alileta ndizi za kitambaa alizozishona usiku, akatangaza mchezo wa kima. Kila mtoto alitaka kuwa kima. Hakuna aliyetaka kuwa mwenye ndizi. Akakaa yeye chini, mama mzima, akashika ndizi ya kitambaa, akanyang'anywa, akaangua kilio cha kuigiza ambacho kingempa kazi kwenye televisheni. Kima walicheka, wakarudia, wakacheka tena. Safari ya tatu mmoja wao alisita. Akasimama na ndizi yake akimtazama mwalimu aliyejifunika uso, akatazama ndizi, akamrudishia, akampigapiga mgongoni kama anavyopigwapigwa yeye. Wengine wakafuata, ndizi zikarudi kwa wingi. Yule aliyenyang'anywa jana ndiye aliyekuwa kima wa mwisho kurudisha, na hakuharakishwa. Alikuwa na haki ya kuwa mnyang'anyi kwa muda kidogo.

Mtu atasema watoto wa zamani hawakuhitaji haya yote, na kwa kiasi fulani atakuwa amesema kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Beatrice Whiting na wenzake waliwachunguza watoto wa Ngecha, kijiji cha Kiambu upande wa Limuru, si mbali na hapa. Walikuta watoto wanaokua ndani ya kazi halisi, mojawapo ikiwa kumlea mdogo wao, na mtu hawezi kumbeba mtoto mgongoni mchana kutwa bila kujifunza kilio cha njaa kinatofautianaje na cha usingizi. Carol Ember, katika utafiti wake wa mwaka 1973 miongoni mwa Waluo, aliona kwamba wavulana waliopewa kazi za nyumbani, ikiwemo kulea, kwa kukosekana dada, walikuwa na ukali mdogo kuliko wenzao. Mtoto wa Spring Valley hana wa kumbeba. Ana ukuta, geti, gari na pengine ndugu mmoja aliye shuleni. Hana hata kundi la kucheza nalo kalongolongo au brikicho jioni, maana jirani yake yuko nyuma ya ukuta mwingine. Katoni ya friji inajaribu kuziba pengo ambalo boma zima lilikuwa linalijaza.

Inasaidiwa na yaya. Wanakuja saa sita kuchukua watoto, baadhi yao wakazi wa Kangemi walioondoka kwao alfajiri kwa miguu, na ukikaa karibu nao kwenye ukingo wa barabara utasikia ufundi ule ule kwa maneno mengine: "Haya, nani atanisaidia kubeba mfuko huu mzito?" anasema mmoja kwa mtoto aliyejilaza chini akikataa kwenda nyumbani. Mfuko una sweta moja. Mtoto anainuka, anaubeba kwa kulemewa, safari inaanza. Hakuna aliyemfundisha huyu dada hatua zozote, na hakuna mzazi anayemlipa kwa kuzijua. Mwalimu humsalimia kila yaya kwa jina na kumweleza mtoto alivyoshinda, kwa kirefu, kabla hajampigia mzazi. Sioni kama ni uungwana tu. Anakabidhi kazi kwa fundi mwenzake.

Kazi yenyewe hairithishwi kwa urahisi. Serikali ina mtaala wa umilisi kwa watoto wa miaka minne na mitano, ulioingia madarasani Januari 2019, na maadili yameorodheshwa humo: upendo, heshima, uwajibikaji na mengineyo. Orodha haikuelezi ungoje mpaka lini. Wasaidizi wapya, wasichana wanaotoka chuoni na vyeti vyao, wote wana kasoro moja, na ni kasoro ya watu wema: wanawahi mno. Mtoto akianguka wameshamwinua. Wawili wakigombana wameshahukumu. Mwalimu aliwahi kuwaeleza kwa maneno, hayakufaa. Sasa huwapa beseni.

Ni beseni kubwa la maji ya kunawia mikono, limejaa karibu na ukingo. Wakati wa kucheza nje, msaidizi mpya huambiwa alishike kwa mikono miwili na kusimama karibu na baiskeli. Huwezi kuingilia ugomvi ukiwa na beseni. Unaweza kutazama tu. Nilimwona mmoja, wiki yake ya kwanza, watoto wawili wameshikana usukani wa baiskeli moja, mmoja ameshaanza kulia, maji yakitikisika kwa jinsi mikono yake ilivyotaka kuachia.

"Ticha, niwaachanishe?"

"Hilo beseni, Anti," alisema mwalimu, ambaye alikuwa anamenya chungwa. "Usilitue bado."